Mwalimu ni wa nani? Historia ya walimu-wakatekista katika mji wetu wa Lubumbashi



Katika kitabu hiki cha Jubilei mtaona orodha ya Mapadri walioongoza parokia yetu, tangu wa kwanza hata wa leo, kila mmoja pamoja na miaka yake. Orodha hiyo ni ya haki, tena ni ya shukrani. Lakini mtu akiisoma peke yake anaweza kudhani kwamba Eklezya ya Lubumbashi ilijengwa na watu wachache waliovaa kanzu, basi. Ulizeni katika nyumba zenu: nani alimfundisha nkambo wenu ishara ya msalaba? Nani aliandika jina lake katika daftari la wakatekumeni, akamwuliza maswali ya katekisimu, akamsindikiza mpaka siku ya ubatizo? Mara nyingi sana mtajibiwa neno moja tu: Mwalimu. Wengine watataja jina lake. Wengi hawalikumbuki tena.

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni katika wale wanaoendelea na kazi hiyo leo. Tumeona inafaa, katika mwaka huu wa Jubilei, kueleza mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, siku yake ilipitaje, na nani alimpa chakula. Maana ulizo hili la chakula si dogo. Anayemlisha mwalimu hupenda kusema: huyu ni mtu wangu. Katika historia ya Katanga wengi walisema hivyo, kila mmoja kwa zamu yake: misioni, kampani, Serikali, na wazazi. Kwa hiyo tutauliza mpaka mwisho: Mwalimu ni wa nani?

1. Walimu walitangulia mji

Mji wetu ulianza mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka upande wa kusini, na wazungu wakauita Elisabethville. Lakini kazi ya mwalimu mwafrika katika nchi hii ni ya zamani kuliko mji. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa ameweka sheria kwamba mtu mzima asibatizwe kwa haraka: sherti ajaribiwe na kufundishwa muda wa miaka minne. Mapadri walikuwa wachache, vijiji vilikuwa mbali, na homa iliwaua vijana wa Ulaya bila huruma. Nani angekaa miaka minne kijijini pamoja na wanaotaka kubatizwa? Hapo ndipo walipochaguliwa vijana wa palepale, wakafundishwa kusoma, kuandika na kueleza dini, wakatumwa vijijini.

Mfano unaojulikana sana ni Adrian Atiman. Alikuwa mtoto wa Afrika ya Magharibi aliyetekwa utumwani. Mapadri wakamkomboa, akasomeshwa uganga kule Malta, kisha akahudumu Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa mganga na katekista pamoja, kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka kifo chake mwaka 1956. Kutoka katika shamba hilohilo la Tanganyika alitokea Stefano Kaoze, aliyepadirishwa tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu. Tukumbuke kwamba pahali palipotoa padri wa kwanza palikuwa kwanza pahali pa walimu.

Tena kwa upande huo Kiswahili kilipata kuwa lugha ya sala. Wafanyabiashara walikuwa wamekifikisha ziwani na hata Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Wamisionari walikikuta, wakakitumia, wakakiandika katika vitabu vya katekisimu.

Kwa haki tuseme pia kwamba hatukuwa peke yetu. Frederick Stanley Arnot, mwinjilisti wa Kiprotestanti, alifika Bunkeya mwaka 1886, kabla ya Mapadri wetu, na Wametodisti walikuja baadaye. Wao vilevile walisimama juu ya mabega ya walimu wenyeji.

2. Kengele na mlio wa kampani

Mwaka 1910 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Katanga, ikaikabidhi kwa Wabenediktini wa Abasia ya Saint-André, karibu na Bruges. Mkubwa wao alikuwa Dom Jean-Félix de Hemptinne. Mwaka 1932 akawa Askofu, naye aliongoza hadi kifo chake mwaka 1958. Mwaka 1911 Wasalesiani wa Don Bosco walifika pamoja na Padri Joseph Sak, wakaanzisha shule na mafunzo ya kazi za mikono. Masista wa Charité wa Gand walifika mwaka uleule.

Kabla ya hapo, tarehe 26 Mei 1906, Baba Mtakatifu na Serikali ya Mfalme Leopold walikuwa wamepatana kwa maandishi: Serikali itawapa misioni za Kikatolika mashamba, na misioni zitafungua shule. Kwa hiyo tangu mwanzo shule haikuwa nyongeza tu ya misioni. Ilikuwa sehemu ya mapatano. Kuanzia miaka ya 1925 na 1926 Serikali ikaanza pia kutoa msaada wa pesa kwa shule za misioni za Wabelgiji, na mwaka 1929 ikatoa programu ya masomo.

Lakini katika mji wetu kulikuwa na mwenye nguvu mwingine. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, na mwaka 1911 ikaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Wafanyakazi wa kwanza walitoka mbali: Luapula, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, baadaye Lomami, Kasai, hata Ruanda na Urundi. Waliacha wake zao nyumbani, wakafanya kazi miezi michache, wakarudi. Wengi waliugua, na wengi walikufa. Kampani ikaona kwamba kuleta watu wapya kila mara ni hasara. Kuanzia mwaka 1928 hivi, ikaanza kutoa kandarasi za miaka mitatu, ikawaruhusu wanaume kuishi pamoja na wake zao, ikajenga nyumba za matofali, vituo vya kuzalia, na shule.

Shule hizo za kambi kampani haikuziendesha yenyewe. Ilipatana na misioni: kampani itoe majengo na gharama, Mapadri na Masista waongoze na kukagua. Na ndani ya darasa, mbele ya watoto wetu, alisimama nani? Alisimama mwalimu mwafrika. Wazungu walimwita moniteur. Watu wa kambi walimwita Mwalimu, kama vile jina lake la ubatizo halikuwa na haja tena.

Tuseme neno juu ya lugha pia. Katika nyumba kumi za kambi moja ungeweza kusikia Kibemba, Kiluba, Kisanga, Kisonge, Kilunda. Mwalimu hakuweza kufundisha katika zote. Kiswahili kilichotoka Tanganyika kikawa lugha ya ubao, ya sala na ya nyimbo; watoto wakakichukua mpaka nyumbani, na wazazi wakajifunza kwa watoto. Kingwana tunachosali nacho leo hakikuenezwa na wafanyabiashara na wasimamizi wa kazi peke yao. Mwalimu alikitia katika vinywa vya watoto kila asubuhi.

3. Siku moja ya mwalimu wa kambi

Wazee wa mji wanapohadithia miaka ya 1930 mpaka 1950, siku ya mwalimu hupita karibu namna moja.

Saa kumi na moja ya alfajiri mlio wa kampani uliamsha kambi nzima. Wanaume walikwenda kwenye matanuru, na moshi wa bomba kubwa ulikuwa tayari juu ya paa. Mwalimu naye aliamka kwa mlio uleule, lakini alikwenda upande mwingine, kwenye kengele. Padri akiwapo, alitayarisha altare na kuongoza nyimbo za Misa. Padri akiwa kambi nyingine, mwalimu mwenyewe aliongoza sala za asubuhi, na watu waliitikia kama kawaida.

Saa moja watoto walipanga mistari. Mwalimu alitazama mikono, kucha na nguo, kwa kuwa usafi ulikuwa somo kama masomo mengine. Kisha katekisimu, kusoma, kuandika juu ya vibao, hesabu, kuimba. Darasa lilijaa, vibao havikutosha, wakubwa waliwafundisha wadogo. Baada ya masomo ya kichwa ilifuata kazi ya mikono, maana programu ya Serikali iliitaka: bustani ya mboga, kufagia, kusuka, kushona kwa wasichana. Wazazi wengine walinung'unika: "Jembe tulimwonyesha nyumbani, kwako tulimleta kwa ajili ya kalamu." Mwalimu alisikia pande zote mbili, naye sherti afuate programu.

Mchana ulikuwa wakati wa posho. Anayekaa katika kambi alipimiwa unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, na nyama au samaki kwa zamu. Mke wa mwalimu alipika bukari kwa ajili ya watu wake, na mara nyingi kwa ajili ya wanafunzi wawili watatu waliotoka mbali. Huyo mama hakuandikwa mahali popote. Hata hivyo wanawake wa jirani walimwuliza namna ya kumwogesha mtoto mwenye homa, namna ya kushona, namna ya kusali rozari. Masista walipofungua nyumba za mafunzo ya wanawake, zilizoitwa foyer, mara nyingi mke wa mwalimu alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kuwaita wenzake.

Saa za jioni wanaume walirudi kutoka kazini, na sasa likaanza darasa la pili, la wakatekumeni. Hawa walikuwa watu wazima waliochoka, wenye macho mekundu kwa moshi. Mwalimu aliuliza, nao walijibu kwa pamoja; aliyesinzia jirani alimgusa kwa kiwiko. Aliandika katika daftari waliofika na wasiofika. Padri alipokuja kuuliza kama fulani anastahili ubatizo, alitazama daftari hilo, akamwuliza mwalimu: Je, anaishi vizuri na mke wake? Anakunywa? Anakuja siku za juma au siku za sikukuu tu? Neno la mwalimu lilikuwa zito, na watu walijua hivyo. Wengine walimpenda kwa sababu hiyo, wengine walimwogopa.

Usiku haukuwa wa kupumzika. Mtu alileta barua kutoka Lomami asomewe. Mwingine alitaka kuandikiwa ndugu yake Kasenga kwamba pesa ya mahari itakuja. Mume na mke waliogombana waliketi juu ya kibao, kila mmoja akaeleza maneno yake. Mgonjwa wa hatari alimwita mwalimu, na ikiwa Padri hawezi kufika, mwalimu alimbatiza. Mtu akifa, mwalimu aliongoza matanga ya kikristu na kuwatuliza watu wa makabila mbalimbali ambao kila mmoja alitaka kuzika kwa desturi ya kwao.

Jumamosi ilikuwa ya kwaya na ya kutayarisha watu kwa maungamo. Jumapili, baada ya Misa, alitembea kuwatafuta waliokosa. Ndivyo juma lilivyokwisha, na mlio wa kampani ukaanza tena.

4. Kati ya mabwana watatu

Yezu alisema kwamba hakuna mtu awezaye kutumikia mabwana wawili. Mwalimu wa kambi alikuwa nao watatu, nao hawakutaka jambo moja.

Misioni ilitaka wakristu. Kampani ilitaka wafanyakazi wenye afya, wenye utii, na watoto watakaokuwa wafanyakazi baada ya baba zao. Wazazi walitaka mtoto ajue mambo ambayo mzungu anayajua, ili asiteswe kama baba yake. Mwalimu alimwangalia mtoto mmoja, na juu ya kichwa cha mtoto yule aliona matakwa matatu.

Katika miaka mingi mabwana wawili wa kwanza walisikilizana vizuri. Askofu de Hemptinne hakuficha kwamba misioni, Serikali na kampani zilipaswa kushikana mikono. Kwa njia hiyo shule zilijengwa, na tunashukuru. Wengi wetu tulisomea ndani ya kuta hizo. Lakini ushirikiano huo ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa mara nyingi na mwalimu. Watu walipokuwa na hasira juu ya kampani, walimtazama yeye na kusema: wewe ni mtu wao. Wakubwa walipoona fujo, walimtazama na kusema: hawa ni watu wako, watulize.

Jaribu kubwa lilikuja Desemba 1941. Wakati wa vita bei zilipanda, kazi iliongezwa, mshahara haukutosha. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na hapa mjini askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Wengi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Tunataja jambo hili katika kitabu cha furaha kwa sababu waliokufa walikuwa baba za watoto wa madarasa yale. Mwalimu wa kambi alirudi darasani, akaita majina, na watoto wengine walikuwa yatima. Hakuna programu iliyomfundisha la kusema asubuhi ile.

Kulikuwa pia na jaribu la kila siku, yaani pesa. Kijana aliyesoma vizuri aliweza kuwa karani wa kampani au wa Serikali, akapata mshahara mzuri kuliko moniteur wa misioni. Wengi walikwenda, na hatuwalaumu. Watoto wao walikula. Mkono mtupu haulambwi. Lakini waliobaki walijua wanaacha nini. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba mwalimu alikuwa mtu wa misioni kwa sababu ya posho tu. Kama posho ndiyo iliyomshika, angeweza kutafuta iliyo kubwa zaidi katika ofisi ya jirani.

Miaka ya 1950 ilileta mambo mapya. Kuanzia mwaka 1954 Serikali ya Ubelgiji ilifungua shule zake zisizo za misioni, na ugomvi mkubwa ukatokea kati yake na Maaskofu. Mwaka 1956 Chuo Kikuu kilifunguliwa hapa mjini. Na walimu wenyewe walikuwa wameanza kuonekana. Joseph Kiwele, aliyelelewa na Mapadri Weupe na kusomea upadri bila kupadirishwa, alifundisha muziki hapa mjini, akatunga Misa yenye sauti za Katanga, wakati kwaya ya watoto ya Croix de Cuivre iliyoongozwa na Dom Anschaire Lamoral ilipokuwa ikisifiwa. Baadaye Kiwele akawa Waziri wa Elimu wa Katanga, akafariki mwaka 1961. Kutoka mwalimu mpaka waziri: wazee hawakuwahi kuona safari ya namna hiyo.

5. Jina moja linagawanyika

Tarehe 10 Novemba 1959 Elisabethville ikawa Jimbo Kuu. Miezi michache baadaye ukaja Uhuru, na pamoja nao utengano wa Katanga tangu Julai 1960 hadi Januari 1963. Mwaka 1961 makumi elfu ya watu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kando ya mji. Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi, na mwaka 1967 Askofu Mkuu Eugène Kabanga akashika uongozi, mwana wa nchi. Mwaka huohuo Union Minière ikawa mali ya Serikali. Baadaye ikaitwa Gécamines.

Halafu likaja pigo ambalo vijana wa leo hawalijui vizuri. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu ilichukua shule zote za Eklezya, na somo la dini likaondolewa. Mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa tangu mwaka 1972. Mwalimu aliyezoea kuanza siku kwa ishara ya msalaba sasa alianza kwa nyimbo za kumsifu Kiongozi.

Hapo ndipo jina letu liligawanyika. Kabla ya hapo, kusema "mwalimu" kulikuwa kusema pamoja mtu wa shule na mtu wa dini. Mgawanyiko ulikuwa umeanza polepole, lakini mwaka ule ulionekana wazi: huku mwalimu, mtu wa Serikali, mwenye mshahara wa Serikali, huku katekista, mtu wa parokia, asiye na mshahara. Wengine walikuwa wote wawili kwa saa tofauti: asubuhi walifundisha walichoamriwa, jioni walifundisha katekisimu katika kanisa au katika nyumba ya mkristu mmoja. Ndivyo shirika zetu, zile jumuiya ndogo za mitaa, zilivyopata nguvu. Dini ilipofukuzwa darasani, ilihamia uani.

Mwaka 1976 Askofu Mkuu Kabanga aliandika barua ya kichungaji iliyoitwa "Je suis un homme", yaani "Mimi ni mtu", akikemea rushwa na kudharauliwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Februari 1977, Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa: shule zibaki za Serikali, lakini makanisa yarudi kuziongoza. Mpaka leo ndizo tunazoziita shule za konvansyo. Shule zilirudi. Lakini mwalimu na katekista hawakurudi tena kuwa mtu mmoja.

6. Miaka ya njaa

Tunafika sasa kwenye miaka ambayo wengi wetu tuliiona kwa macho yetu, tukiwa bado vijana.

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 na 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990. Mwaka 1991 mji uliporwa. Pesa ikapoteza thamani kati ya asubuhi na jioni. Mshahara wa mwalimu wa Serikali ukawa karatasi isiyonunua hata kikapu cha makaa.

Mwaka 1992 na 1993 kuna jambo la uchungu zaidi. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji mingi ya Katanga, na makundi makubwa yalilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea gari la moshi. Kati yao walikuwamo walimu na wakatekista wengi. Madarasa yalibaki bila mtu mbele. Baadhi ya watu waliowafukuza walikuwa wamefundishwa na hao hao kusoma na kusali. Jubilei ni wakati wa kusamehewa, na mtu hasamehewi neno asilolitaja. Kwa hiyo tunalitaja.

Tangu miaka ile wazazi ndio walioanza kumlipa mwalimu, kila mwezi, kwa pesa iliyoitwa prime. Bila wazazi shule zingefungwa. Hilo ni kweli. Lakini mtoto ambaye baba yake hakuwa na pesa alirudishwa nyumbani, na mwalimu ndiye aliyepewa orodha ya kuwafukuza. Yule ambaye zamani alitembea Jumapili kuwatafuta waliokosa, sasa aliambiwa awatoe wasiolipa. Tunawajua walimu waliosoma orodha ile kwa sauti ndogo, kisha wakawaacha watoto waketi. Hawakusifiwa na mtu.

Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Nyumba nyingi za kambi zikakosa mshahara, na shule zikakosa wazazi wenye kulipa. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ni lazima na ni bure. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutimiza neno hilo. Watoto walirudi kwa wingi, tukafurahi. Lakini mwalimu alipoteza pesa ya wazazi kabla ya kuona vizuri ile ya Serikali, na wengine majina yao hayakuwa hata katika orodha ya malipo. Mwaka 2021 walimu wa shule za Kikatolika waligoma. Madai yao, ukiyasikiliza vizuri, ni yaleyale ya moniteur wa kambi.

7. Jibu letu, na kazi iliyobaki

Basi mwalimu ni wa nani? Misioni ilimlisha, kampani ilimlisha, Serikali ilimlisha, wazazi walimlisha. Kila mmoja alipochoka au alipoanguka, mwalimu alikuwa bado yupo darasani au uani, pamoja na watoto. Kwa hiyo tunaona kwamba hakuwa mali ya yeyote kati ya hao. Alikuwa wa wale aliowafundisha. Na kama ni hivyo, deni lake liko kwetu, siyo kwa Padri, wala kwa kampani isiyokuwapo tena.

Kwa hiyo tunaomba parokia mambo manne, tena siyo magumu.

La kwanza, daftari za zamani za ubatizo na za ndoa zifunguliwe kwa uangalifu, kabla mchwa na mvua hazijamaliza kazi yao. Mtu akizisoma ataona jina moja likirudi mara nyingi kama msimamizi wa ubatizo au shahidi wa ndoa. Mara nyingi jina hilo ni la mwalimu. Majina hayo yaandikwe.

La pili, kila shirika liwachague vijana wawili waketi na wazee wa mtaa na kuandika wanayoyakumbuka, majina ya wake wa walimu yasisahauliwe. Mzee akizikwa leo, daftari nzima imezikwa pamoja naye.

La tatu, siku ya Misa ya Jubilei majina hayo yasomwe kwa sauti katika sala ya waamini, baada ya majina ya Mapadri marehemu.

La nne ni la walio hai. Katekista wa leo hutembea kwa miguu kutoka shirika hata shirika, hununua kitabu kwa pesa yake, na akiugua hutegemea jirani. Tusingoje kumshukuru siku ya kuzikwa kwake, kwa jeneza zuri na hotuba ndefu. Kila shirika litoe kidogo kila mwezi kwa ajili ya dawa na safari ya wakatekista wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mapadri wageni, mkirudi katika parokia zenu, tunawaomba mfungue ninyi vilevile daftari zenu. Tunaamini mtawakuta huko watu wa namna hiyohiyo.

Mungu Baba awapokee walimu wetu wote waliotangulia, waliobatiza wagonjwa usiku na kufundisha watoto mchana. Awape nguvu wanaofundisha leo. Na Bikira Maria, aliyemfundisha Mwanae maneno ya kwanza, atuombee. Amina.